Moto wa Tumbo: Historia Fupi ya Kiungulia, kutoka Ayurveda hadi Rugerero

Utangulizi

Shangazi yangu anaishi Rugerero, si mbali na mto Sebeya. Kwa miaka 12 alikuwa akilala ameweka mito miwili chini ya kichwa, kwa sababu akilala chali maji machachu yalimpanda hadi kooni na kifua kikawaka. Kwa Kinyarwanda hali hiyo huitwa ikirungurira, na kwa Kiswahili kiungulia. Ugonjwa mzima, pamoja na maumivu ya chembe cha moyo, kwetu una jina moja tu: igifu, yaani tumbo la chakula. Mtu akisema "ndwaye igifu", hakuna anayemuuliza zaidi. Kila mtu anaanza kumshauri.

Shangazi alishauriwa sana. Jirani alisema ni pilipili. Mama mkwe wake alisema ni hasira, kwamba mwanamke anayeweka mambo moyoni hawezi kusaga chakula. Mwingine alimwambia anywe maziwa kila anaposikia njaa. Mwisho, mwanamke mmoja anayefanya biashara ya kuvuka mpaka alimletea kutoka Goma kikopo cha unga wa kahawia, akasema ni dawa ya Wahindi. Ndani ya kikopo kulikuwa na karatasi iliyoeleza kwamba mgonjwa wa kiungulia ana "pitta" iliyozidi. Shangazi aliniita akaniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma, hii pitta ni kitu gani?"

Sikuwa na jibu. Insha hii ni jaribio la kulitafuta. Nimeiandika kama mwanafunzi wa historia, si kama daktari. Swali langu ni hili: watu wa nyakati mbalimbali walikieleza vipi kiungulia, na kila maelezo yalimtaka mgonjwa afanye nini? Katika kusoma nimeona jambo ambalo sikulitarajia. Maelezo yalibadilika mara nyingi, lakini karibu kila mara lawama ilimwangukia yule yule, yaani mgonjwa mwenyewe.

Moto ndani ya chungu

Pitta ni neno la Kisanskriti, na linatoka katika Ayurveda, elimu ya tiba ya India ya kale. Jina Ayurveda limeundwa kwa maneno mawili: ayus, maisha, na veda, elimu. Vitabu vyake vikubwa vya mwanzo ni mikusanyo miwili inayoitwa kwa majina ya Charaka na Sushruta. Mikusanyo hiyo haikuandikwa kwa siku moja wala na mtu mmoja. Ilikua kwa karne kadhaa, kabla na baada ya kuzaliwa kwa Yesu.

Katika elimu hiyo mwili unaongozwa na nguvu tatu. Vata ni ya mwendo na hufanana na upepo. Kapha ni ya uzito na unyevu. Pitta ni ya joto, na ndiyo inayogeuza kitu kimoja kuwa kingine. Kazi ya kusaga chakula hufanywa na agni, yaani moto. Ili kuelewa fikra hii, msomaji afikirie chungu cha maharage kilicho juu ya mafiga. Moto ukiwa hafifu, maharage hubaki magumu. Ukiwa mkali mno, yanaungua chini kabla ya kuiva juu. Ukiwa wa kuwaka na kuzimika, huwezi kujua yataiva lini. Ukiwa wa kadiri, chakula kinaiva vizuri. Madaktari wa Ayurveda walitaja hali hizo nne za moto wa tumbo, na walifundisha kwamba magonjwa mengi huanza moto huo unapoharibika.

Kuvimbiwa waliita ajirna, yaani kisichosagwa. Kiungulia kilipata jina lake baadaye. Charaka na Sushruta hawakukitengea sura ya peke yake, lakini daktari aitwaye Madhava, aliyeandika katika karne ya 7 au ya 8 kitabu cha kutambua magonjwa, alikipa sura nzima kwa jina la amlapitta. Amla maana yake ni chachu, kwa hiyo amlapitta ni pitta iliyochacha. Dalili alizoorodhesha ni chakula kutosagika, uchovu, kichefuchefu, kucheua maji machungu na machachu, mwili kuwa mzito, kifua na koo kuwaka, na kukosa hamu ya kula. Nilipomsomea shangazi orodha hiyo aliniuliza kama mtu huyo aliwahi kufika Rugerero.

Madhava alitaja pia maumivu ya tumbo yanayokuja wakati chakula kinasagwa, na madaktari wa leo wanaosoma kitabu chake huyafananisha na vidonda vya utumbo wa mwanzo. Katika sababu za amlapitta alitaja vyakula vichachu, vinavyochoma, visivyopatana, na vilivyoharibika. Hilo la chakula kilichoharibika tulikumbuke, tutalirudia.

Tiba ilianzia kwenye mlo. Charaka alifundisha kuligawa tumbo sehemu tatu: moja ya chakula kigumu, moja ya majimaji, na moja iachwe kwa ajili ya zile nguvu tatu zifanye kazi. Msomaji Mwislamu atakumbuka mafundisho ya Mtume kuhusu theluthi ya chakula, theluthi ya maji na theluthi ya pumzi. Sidai kwamba mmoja alichukua kwa mwingine. Nasema tu kwamba watu waliotazama kwa makini jinsi binadamu anavyokula wanaweza kufika mahali pamoja kwa njia tofauti.

Safari ya maneno hadi kwetu

Je, elimu ya India ilifikaje hadi kwenye kikopo kinachouzwa Goma? Njia moja ni ya vitabu. Katika enzi ya Waabbasi, Baghdad ilitafsiri vitabu vya Wagiriki na vya Wahindi kwa Kiarabu. Mwaka 850 Ali ibn Sahl al-Tabari alimaliza kitabu chake Firdaws al-Hikma, na sehemu yake ya mwisho ilieleza tiba ya Wahindi. Hata hivyo tiba iliyotawala kwa Waarabu ilikuwa ya Galen, yenye majimaji manne: damu, balghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi.

Tiba hiyo ilifika pwani yetu ya Afrika Mashariki, na alama zake zimo katika lugha tunayoisoma. Balghamu ni neno la Kiarabu la moja ya majimaji hayo manne. Safura, ambayo leo kwa Kiswahili ni ugonjwa wa minyoo na upungufu wa damu, inatokana na neno la Kiarabu la nyongo ya njano. Mswahili wa pwani anaposema chakula fulani ni cha moto na kingine ni cha baridi, hazungumzii sufuria. Anazungumzia tabia ya chakula mwilini, kama alivyofanya Galen, na kama walivyofanya Wahindi.

Njia ya pili ni ya jikoni. Wafanyabiashara kutoka India waliishi Zanzibar na pwani kwa muda mrefu, na katika karne ya 19 idadi yao iliongezeka. Baada ya Richard Kandt kuanzisha kituo cha Kigali mwaka 1907, wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili walifungua maduka ndani ya Rwanda. Hawakuja kufundisha Charaka. Lakini chapati na sambusa tunazokula leo Gisenyi zina asili ya upande huo, na chai ya tangawizi tunayompa mtu aliyevimbiwa ingetambuliwa mara moja na daktari wa Ayurveda. Kwake tangawizi huwasha agni. Ila angetahadharisha pia kwamba mtu ambaye moto wake umezidi asiongezewe kuni. Ushauri wa jirani ulifika kwa shangazi bila sehemu hiyo ya pili.

Asidi, maziwa na wasiwasi

Ulaya nayo ilitumia lugha ya majimaji manne kwa karne nyingi. Mabadiliko yalikuja mwaka 1823, pale mkemia na daktari wa London, William Prout, alipoonyesha kwamba tumboni kuna asidi ya haidrokloriki, asidi kali inayopatikana pia maabara. Karibu na wakati huo, mwaka 1822, kijana aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya katika kisiwa cha Mackinac, Marekani. Alipona, lakini tundu la tumbo halikuziba. Daktari wa jeshi William Beaumont alilitumia tundu hilo kama dirisha. Alifunga vipande vya nyama kwenye uzi, akaviingiza, akavitoa baada ya saa kadhaa na kuandika alichokiona. Kitabu chake cha mwaka 1833 kina majaribio zaidi ya 200. St. Martin alikuwa maskini na alihitaji kulishwa, na sidhani kwamba alikuwa na uhuru mkubwa wa kukataa.

Kuanzia hapo asidi ikawa mshtakiwa mkuu. Mwaka 1910 Karl Schwarz wa Zagreb alifundisha kwamba pasipo asidi hakuna kidonda. Mwaka 1915 Bertram Sippy wa Chicago alipendekeza wagonjwa wanywe maziwa na malai kila saa ili kuituliza asidi. Wengi walifuata mlo huo kwa miongo kadhaa. Baadaye ilionekana kwamba maziwa hutuliza kwa muda mfupi tu, kisha tumbo hutoa asidi zaidi. Aliyemshauri shangazi anywe maziwa pengine hajawahi kusikia jina la Sippy, lakini wawili hao wangeelewana.

Kisha ikaja zamu ya moyo. Katikati ya karne ya 20 madaktari wengi waliamini kwamba vidonda vya tumbo hutokana na wasiwasi na hisia zilizofichwa. Franz Alexander, pia wa Chicago, alikuwa miongoni mwa waliolifundisha jambo hilo, na kitabu chake cha mwaka 1950 kililipa nguvu. Mgonjwa aliambiwa apumzike, abadili kazi, apunguze hasira. Mama mkwe wa shangazi alikuwa anasema kwa maneno yake kile kilichosemwa katika hospitali kubwa za dunia miaka 70 iliyopita.

Ramani inayopita kwenye vilima vyetu

Hapa ndipo historia hii inapofika nyumbani. Mwaka 1975 daktari mpasuaji Mwingereza Frank Tovey, pamoja na mwenzake Tunstall, walichapisha katika jarida la Gut uchunguzi kuhusu vidonda vya utumbo wa mwanzo kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara. Tovey alikuwa amefanya upasuaji kwa miaka mingi katika hospitali ya kimisheni ya Mysore, kusini mwa India, na huko aliona kwamba wala wali wa kusini waliugua vidonda kuliko wala ngano wa kaskazini. Alipogeukia Afrika alikusanya taarifa za hospitali na kuona kwamba ugonjwa haukusambaa sawasawa. Kulikuwa na maeneo yenye wagonjwa wachache na maeneo yenye wagonjwa wengi. Mojawapo ya maeneo ya wengi lilikuwa ukanda wa mgawanyo wa maji ya Kongo na Nile.

Mwanafunzi yeyote wa Rubavu anajua ukanda huo ni upi. Ni mgongo wa milima unaopita magharibi mwa Rwanda. Mvua inayonyesha upande mmoja huenda Nile, na inayonyesha upande wetu hushuka Kivu na hatimaye Kongo. Kwa maneno mengine, igifu cha shangazi kilikuwa kwenye ramani ya madaktari kabla hajazaliwa.

Tovey aliishuku zaidi chakula, akiamini kwamba nafaka kama ulezi na mtama humlinda mlaji. Hakumaliza hoja. Lakini ramani yake inauliza swali ambalo maelezo ya awali hayakuuliza. Kama sababu ni hasira, je, watu wa ukanda wa Kongo na Nile wana hasira kuliko wengine wote? Kama ni pilipili, mbona nchi zinazokula pilipili nyingi zaidi hazikuongoza? Ugonjwa unaofuata ramani hauwezi kuelezwa kwa tabia ya mtu mmoja mmoja.

Kikulacho ki nguoni mwako

Jibu kubwa lilitoka Perth, Australia. Robin Warren aliona kwa hadubini bakteria waliojipinda katika vipande vya matumbo ya wagonjwa, na mwaka 1982 yeye na Barry Marshall walifaulu kuwaotesha maabara. Wengi hawakuamini kwamba kiumbe anaweza kuishi ndani ya asidi ile. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe, na siku chache baadaye alikuwa akitapika na tumbo lake limevimba kwa ndani. Mwaka 2005 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo anaitwa Helicobacter pylori. Ndiye chanzo cha vidonda vingi vya tumbo, na tangu mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limemweka katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu.

Watu wengi humpata utotoni, ndani ya nyumba, hasa penye msongamano na penye shida ya maji safi. Hapa tukumbuke chakula kilichoharibika cha Madhava. Hakumjua bakteria, na itakuwa kosa kudai kwamba alimjua. Lakini aliweka uchafu wa chakula kati ya sababu, wakati madaktari wa mwaka 1950 walikuwa wameuondoa.

Katika Rwanda, uchunguzi wa kamera ya tumbo uliofanywa Butare na kuchapishwa katika miaka ya 2010 ulimkuta bakteria huyo kwa takribani robo tatu ya wagonjwa. Si kila anayembeba huugua, na si kila kiungulia kinatoka kwake. Mara nyingi kiungulia ni asidi inayorudi juu kwenye umio, hasa mtu akila sana usiku na kulala, au akiwa mjamzito. Kwa hiyo maelezo ya bakteria nayo yana mipaka yake. Ila mwenye kidonda chenye bakteria hataponywa na mlo mzuri peke yake, na hataponywa na utulivu wa moyo.

Ayurveda inatusaidia nini leo?

Wapo wanaoitupa yote, na wapo wanaoikubali yote kwa sababu ni ya kale. Naona pande zote mbili zinakosa kitu. Ushauri wake wa kula kwa kiasi, kula kwa wakati na kutokula tena kabla chakula cha kwanza hakijasagwa unamfaa mtu mwenye kiungulia hata leo. Mzizi mtamu ambao Wahindi huuita yashtimadhu, na Waarabu irqsus, ulizaa katika miaka ya 1960 dawa ya vidonda iliyotumika Uingereza. Ilifanya kazi, lakini ilipandisha shinikizo la damu na kuvimbisha miili ya wagonjwa, ikaachwa dawa bora zaidi zilipopatikana. Mmea unaoponya una nguvu, na chenye nguvu kinaweza kudhuru.

Kuna hatari kubwa zaidi. Mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, Marekani, na 14 kati yake zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Kama hali ilikuwa hivyo katika mji wenye maabara nyingi, kikopo kisicho na jina la mtengenezaji kinachovuka mpaka wetu mkononi hakistahili kuaminiwa kwa sababu tu ya neno la Kisanskriti.

Hitimisho

Nilimshauri shangazi aache ule unga, akakubali kwa shingo upande. Alikwenda kupimwa kinyesi. Bakteria walikuwepo. Alipewa antibiotiki mbili pamoja na dawa ya kupunguza asidi, za siku 14, na alizimaliza zote ingawa zilimchosha. Leo analalia mto mmoja. Akila ugali na maharage saa nne usiku bado kifua humwaka, kwa hiyo anajitahidi kula mapema na kidogo, kama Charaka angemwambia. Tumekubaliana pia kwamba akitapika damu, akiona kinyesi cheusi kama lami, au akikonda bila sababu, hatamsubiri mshauri yeyote, ataenda hospitali siku hiyo hiyo.

Nilipomweleza majibu ya kipimo hakuuliza kuhusu dawa kwanza. Alikaa kimya, kisha akasema, "Kwa hiyo haikuwa hasira yangu?" Nikamwambia, "Hapana, Shangazi." Alikuwa amebeba lawama hiyo miaka 12. Kabla yake, wagonjwa wa nchi nyingi waliambiwa kwamba wanakula vibaya, wanafikiri vibaya, au wanaishi vibaya, na wengi wao waliugua kwa sababu ya nyumba na maji waliyoyakuta walipozaliwa.

Naamini wanafunzi wenzangu wana shangazi kama huyu. Tunaposoma historia ya tiba, tuulize pia kila maelezo yalimlaumu nani, na kama lawama ilikuwa ya haki.

Nilimsomea insha hii kabla ya kuikabidhi. Aliisikiliza hadi mwisho, akasema nimesahau kuandika kwamba chai ya tangawizi hajaiacha. Nilimuuliza kama bado anaitumia kama dawa. Akasema hapana, anaipenda tu.